Bomba Lenye Kelele Lina Neno

Wahenga walisema kwamba mwenye kelele hana neno, na katika mambo ya watu yamkini walisadifu. Walakini katika mambo ya mabomba hukumu hiyo haisimami, kwa sababu bomba la mvua linalopiga mluzi alfajiri, au linalotoa kishindo ukutani mara koki inapofungwa, au linalovuma mpaka jirani akaja kugonga mlango, halifanyi hivyo kwa ukorofi wala kwa uzee peke yake, bali hutoa habari ya ila iliyomo ndani yake, na habari hiyo ni bayana kwa kila mwenye subira ya kusikiliza. Maudhui ya makala haya ni habari hiyo: namna ya kuisikia, namna ya kuifasiri, na namna ya kuitumia kabla fedha haijatoka mfukoni. Tutaitazama tukiwa katika bonde la Nakivubo mjini Kampala, lilipo soko la Owino, kwa kuwa hapo ndipo wenye nyumba na wapangaji wengi huja kutafuta dawa ya kelele za bafuni, na hapo ndipo wengi wao hununua dawa isiyokuwa ya maradhi yao.

Soko lisilokosa kitu

Owino ni jina la vinywani. Katika nyaraka soko hilo huitwa Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa ukumbusho wa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mwenye cheo katika jumba la Kabaka Mwanga, aliyeuawa hapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumlaumu mfalme wake kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington, na ambaye Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake mwaka 1964. Soko lenyewe lilianza mwaka 1971. Moto uliteketeza sehemu yake kubwa mwaka 2009, ukarudi tena mwaka 2011, na kila mara wachuuzi wakasimamisha vibanda vyao upya. Leo limebanana baina ya uwanja wa mpira wa Nakivubo, vituo vya teksi, na mfereji mkubwa unaochukua maji ya mvua na uchafu wa mji kuyapeleka ziwani. Na ndani yake, katika vichochoro ambamo watu wawili hawapishani ila mmoja ajikunje, huuzwa nguo za mivumba, viatu, maharagwe, dagaa wa mukene, mitishamba, sufuria na karibu kila kitu ambacho mkono wa binadamu umewahi kukihitaji.

Kandokando ya soko, katika barabara za Nakivubo na majengo yanayozizunguka, yamo maduka ya vifaa vya ujenzi, na humo mna koki za kila ajinasi, vichwa vya shawa vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha, mabomba ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto, na washa za mpira zinazouzwa moja moja kwa bei isiyofika ya rolex, ile chapati ya mayai ambayo kila mpita njia wa Kampala aijua. Mtu aingiapo na malalamiko ya kelele, jibu la haraka la muuzaji ni kwamba kile cha zamani kimekufa: "Kasitoma wangu, hicho kimekwisha, chukua kipya." Si haki kumlaumu muuzaji kwa neno hilo, maana yeye hajaliona bafu wala hajausikia mlio, na kazi yake ni kuuza, lawama, kama ipo, ni ya mnunuzi aliyekuja sokoni bila ya kujua anachotafuta. Owino huuza kila kitu isipokuwa utambuzi wa ila, na huo ndio ambao mwenye nyumba hana budi kuuleta mwenyewe kutoka nyumbani.

Nguvu ya maji na saa zake

Haiwezekani kufahamu kelele za bafu la Kampala bila ya kufahamu safari ya maji yake. Maji hayo hutoka katika Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huvutwa na kusafishwa Ggaba, ambako mtambo wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wa pili ukafuata mwaka 1992 na wa tatu mwaka 2007, na siku hizi husafishwa pia Katosi, wilayani Mukono, penye mtambo uliotengenezwa uweze kutoa lita milioni 160 kwa siku. Kutoka huko pampu za Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972 na ambalo wakazi wote huliita National Water, huyapandisha mpaka katika matangi yaliyo juu ya vilima, mashuhuri kuliko yote yakiwa yale ya Muyenga, yaliyokipa kilima chao jina la Tank Hill. Na kutoka vileleni maji hushuka yenyewe, kwa uzito wake, mpaka mabondeni.

Katika kushuka huko ndimo mlimo asili ya kelele nyingi. Kila mita 10 za kimo baina ya tangi na koki huongeza msukumo unaokaribia ule wa hewa itukandamizayo kutoka juu, kipimo ambacho mafundi hukiita bar moja. Kwa hivyo nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi lake, koki zote zikiwa zimefungwa, huweza kupata bar 6, hali shawa ya kawaida huridhika na bar 1 mpaka 3. Mchana, watu wanapofua, wanapopika na wanapooga, maji hukimbia katika mabomba makuu na nguvu yake nyingi hupotea njiani kwa msuguano. Lakini usiku wa manane, wakati ambapo karibu hapana ateke, msuguano hupungua na nguvu hurudi karibu na ukamilifu wake. Hiyo ndiyo sababu bomba la nyumba ya bondeni, iwe Katwe au Kisenyi, huweza kunyamaza magharibi na kupiga mluzi saa kumi za usiku, na fundi aliyeitwa mchana akaapa kwamba hasikii kitu. Hakusema uongo, ila alikuja saa isiyokuwa ya ugonjwa.

Nyumba za vilimani hulalamika kinyume cha hayo, kwa kuwa huko msukumo ni hafifu na maji hukatika mara kwa mara. Nazo nyumba zinazotumia tangi la plastiki lililowekwa juu ya paa hupata bar 0.2 au 0.3 tu, kadiri isiyotosha kuzaa mluzi wa kuudhi. Mwenye tangi la paani anayesikia mluzi mkali na azitazame kwanza koki zile zilizounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, kwani aghalabu mlio hutoka huko ukasafiri mpaka bafuni.

Swali la kwanza ni wakati

Watu wengi huanza kwa kuuliza mlio unatoka wapi, na swali hilo, ijapokuwa linafaa, ni gumu kujibiwa kwa sikio tupu, maana sauti hupita katika maji kwa kasi ya kiasi cha mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na bomba la chuma huipeleka mbali bila ya kuichosha, hata kilio cha koki ya uani kikasikika kana kwamba kimo ndani ya ukuta wa bafu. Swali lililo sahala kujibu, na lenye faida kubwa zaidi, ni wakati: mlio huja lini? Kuna mlio wa kufungua, kuna mlio wa maji yanapotiririka, kuna mlio wa kufunga, kuna mlio wa baada ya kufunga, na kuna mlio ujao pasipokuwapo mtu bafuni hata mmoja. Kila wakati una sababu zake, na mwenye kuujua wakati amekwisha kuondoa mashaka mengi kabla ya kushika sipana.

Mlio wa kufungua, ule wa kukohoa na kutema mate, huwa ni hewa. Maji yakikatika kwa matengenezo ya barabarani au kwa upungufu, mabomba huingia hewa, na yarudipo husukuma hewa hiyo mbele yake pamoja na kutu na tope lililotikiswa. Dawa yake haihitaji fundi: fungua taratibu koki ya maji baridi iliyo chini kuliko zote, uache itiririke mpaka itulie na maji yawe safi, ndipo uende bafuni, nako ufungue kichwa cha shawa na kukiondoa kwanza, ili takataka zitoke kwa mdomo mpana wa bomba badala ya kusongana katika vijitundu vyembamba. Hapa pana tofauti baina ya Kampala na pwani ambayo yafaa ijulikane. Maji ya Ziwa Victoria ni mepesi, yana chokaa kidogo, hivyo kinachoziba vichwa vya shawa mjini Kampala aghalabu ni kutu na mchanga, navyo huondolewa kwa sindano na brashi. Ama visima vya Unguja na Mombasa vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, na huko kichwa cha shawa kilicholazwa katika siki usiku kucha hurudi kufanya kazi yake. Mtu wa Kampala aliyesikia habari za siki kutoka kwa jamaa zake wa pwani akaijaribu bila ya mafanikio, kasoro si katika siki.

Mluzi wa maji yanapotiririka

Mlio mashuhuri kuliko yote ni ule mluzi au ukelele unaodumu muda wote maji yanapotoka. Asili yake ni moja ingawa mahali pake ni pengi: maji yaliyolazimishwa kupita penye wembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka msukumo hushuka, hata viputo vya mvuke vikazaliwa na kupasuka papo hapo kwa sauti, au kipande kilicholegea penye wembamba huo hutikiswa na maji mara mamia kwa sekunde, nacho kikaimba. Kazi ya mchunguzi ni kupata pahali penye wembamba, na kwa hiyo kuna majaribio matatu yasiyogharimu kitu.

La kwanza ni kuzungusha koki polepole huku ukisikiliza. Iwapo sauti hupanda na kushuka kwa kadiri ya mzunguko, na kutoweka koki ifunguliwapo kabisa, ila imo katika koki yenyewe. La pili ni kuondoa kichwa cha shawa na kuyaacha maji yatoke katika mkono mtupu wa bomba: mluzi ukikoma, mwenye makosa ni kichwa, ama kwa kuziba, ama kwa kuwa na kizibo cha kupunguza maji ambacho hakipatani na msukumo wa mahali hapo, mluzi ukiendelea, rudi kwenye koki. La tatu ni kwenda kwenye mita na kuipunguza koki kuu kidogo kwa muda wa jaribio tu: kelele ikibadilika, basi msukumo wa barabarani una sehemu yake katika shauri hili.

Koki ya kuzungusha, ambayo ingali imejaa katika nyumba za zamani na za sasa za Afrika Mashariki, imejengwa juu ya wazo lililoandikishwa Uingereza mwaka 1845 na Edward Chrimes, mfua shaba wa mji wa Rotherham: skrubu hushuka na kukandamiza kipande kidogo kilichovalishwa washa, na washa hiyo huziba tundu la maji. Uzuri wa koki ya namna hii ni kwamba yote ya maana ndani yake hutengenezeka. Washa ikichakaa, au nati yake ndogo ikilegea, kile kipande hucheza juu ya mkondo wa maji, na mlio wake huweza kusikika nyumba ya tatu. Funga maji kwenye mita, fungua kichwa cha koki kwa sipana, toa kipande, badili washa, kaza nati. Tena pitisha kidole juu ya kiti cha shaba ambacho washa hukikalia, na ikiwa kina mikwaruzo, kisuguliwe, kwa sababu washa mpya juu ya kiti kibovu haitadumu.

Hapa hapana budi kutoa hadhari juu ya desturi moja inayopendwa. Wale mafundi wa Owino na Katwe wanaokata matairi makuukuu na kuyafanya ndara za lugabire wana mikono hodari, na mpira ni rahisi kupatikana. Ndipo watu wengi hukata washa kutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu na kuridhika kwamba koki haivuji tena. Kuvuja huisha kweli, lakini mpira huo ni laini mno, nao ukipata msukumo mkubwa hupepea, na nyumba iliyokuwa na koki inayovuja kimya ikawa na koki isiyovuja inayopiga kelele. Washa ya dukani yenye ugumu na kipimo chake sawasawa ni bora kuliko werevu huo.

Koki mpya zenye mkono mmoja, zinazochanganya maji ya moto na baridi, hazina washa wala nati hiyo. Ndani yake mna bamba mbili za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine katika kikombe kimoja, na kikombe hicho kikichakaa au kikiingiwa na mchanga hubadilishwa chote. Muuzaji akisema kwamba hakiuzwi peke yake, ulizia duka la pili na la tatu kabla ya kukubali kununua koki nzima.

Na kuna mvumo mzito, usiokuwa mluzi, unaotoka katika valvu ya geti iliyo karibu na mita. Valvu hiyo ilifanywa iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Ikiachwa nusu, ulimi wake huning'inia katikati ya mkondo na kutetemeka. Wengi wa mabondeni huipunguza makusudi wakidhani wamepunguza nguvu ya maji, na kumbe wamepunguza wingi wake tu, kwani koki zote zikifungwa msukumo hurudi vilevile ulivyokuwa. Hivyo hupata kelele mpya juu ya ile ya kwanza. Penye msukumo uliozidi bar 5, dawa ya haki ni valvu ya kupunguza msukumo, inayofungwa baada ya mita, nayo hushusha nguvu usiku na mchana, maji yakikimbia au yakitulia.

Kishindo cha kufunga

Mlio wa kufunga ni kishindo kimoja, au vishindo vitatu vinne vinavyofifia, na huu ndio wa kuogopwa zaidi kwa sababu unavunja. Maji yaliyomo katika bomba refu ni mazito, nayo yako mwendoni. Koki ikifungwa ghafula, yaliyo mbele husimama na yaliyo nyuma yangali yanakuja, mithili ya wachukuzi wa Owino wanaofuatana na mizigo kichwani katika kichochoro, wa kwanza akasita, na kila aliye nyuma akamgonga aliye mbele yake. Mwanachuoni wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio katika mabomba ya maji ya mji wa Moscow na kutangaza matokeo yake mwaka 1898, alibainisha hesabu ya jambo hili: ongezeko la msukumo ni zao la uzito wa maji, kasi ya wimbi ndani ya bomba, na mwendo uliokatizwa. Katika bomba la chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo huzaa ongezeko la kiasi cha bar 13 juu ya msukumo uliokuwapo. Katika bomba la plastiki, ambalo hutanuka kidogo, ongezeko ni nusu yake au chini ya hapo.

Si kila aliyesikia kishindo hicho aliona balaa tu. John Whitehurst wa Uingereza aliona mwaka 1772 kwamba nguvu hiyo yaweza kupandisha maji, na Mfaransa Joseph Montgolfier, yule ambaye pamoja na nduguye walirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783, akaunda mwaka 1796 mtambo unaojiendesha wenyewe kwa vishindo vya maji, mchana na usiku, bila ya mafuta wala moto, ukipeleka sehemu ya maji ya mto mpaka juu ya kilima. Mashine za jinsi hiyo zingali zikifanya kazi mashambani katika nchi nyingi. Lakini linalofaa mtoni halifai bafuni, na huko viungo vya bomba, mpira wa mashine ya kufulia na vioo vya mita hupata taabu kila siku mpaka kimojawapo kikubali kushindwa.

Dawa ya kwanza ya kishindo ni mkono wenyewe: funga polepole. Koki za kugeuza robo mzunguko, kwa wepesi wake, ndizo zinazozaa vishindo vingi, na mwenye nyumba aliyebadili koki ya kuzungusha kwa koki ya mkono mmoja, kisha akaanza kusikia ukuta unagongwa, hana haja ya kushangaa. Dawa ya pili ni vibanio: bomba lililopita ukutani au chini ya paa bila ya kushikwa hurukaruka na kuupiga ukuta, na kibanio kila mita moja, pamoja na kipande cha mpira baina ya bomba na kibanio, huondoa nusu ya kelele hata kama msukumo haujaguswa. Dawa ya tatu ni ile ya mafundi wa zamani, nayo ni kuinua karibu na koki kipande cha bomba kilichozibwa juu, ili hewa iliyomo ipokee kishindo. Hewa hiyo humezwa na maji kidogo kidogo, kwa hivyo mara kwa mara hufungwa koki kuu na kuyamwaga maji yote ya nyumba, hewa ikaingia tena. Pakiwa na valvu ya kupunguza msukumo, dawa hizi zote hupata nguvu maradufu.

Milio ya baadaye na milio ya wengine

Baada ya kufunga, bomba la maji ya moto huweza kutoa milio midogo ya ta, ta, ta kwa dakika kadhaa: ni bomba linalopoa na kusinyaa, likijikwaruza penye tundu la ukuta, wala halina madhara. Matone yanayoanguka kutoka katika kichwa cha shawa kwa muda mfupi ni mabaki ya maji yaliyomo kichwani. Lakini yakiendelea mpaka asubuhi, washa imekwisha.

Mlio ujao pasipo mtu bafuni una watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni kielea cha tangi au cha choo, ambacho maji yakikaribia kujaa hupandishwa na kushushwa na viwimbi, kikafungua na kufunga upesi upesi, na mvumo wake ukaenea nyumba nzima. Wa pili ni jirani, hasa katika nyumba za mizigo, zile za chumba chumba zilizojaa pembezoni mwa mji, ambamo wapangaji hutumia bomba moja. Hapo ni adabu kuuliza kwanza kabla ya kulalamika. Wa tatu ni uvujaji uliofichika, nao hufoka kwa sauti nyembamba isiyokoma: funga koki zote, tazama mita, na ikiwa kigurudumu chake kidogo kingali kinazunguka, maji yanakwenda mahali usipopajua. Watafuta uvujaji wa mashirika ya maji hutumia tangu zamani fimbo ya kusikilizia, ncha moja juu ya bomba na nyingine sikioni. Mwenye nyumba huweza kufanya vivyo hivyo kwa bisibisi ndefu, ncha ikigusa bomba na mpini ukigusa mfupa ulio mbele ya sikio, na pale sauti inapovuma kuliko kwingine ndipo pa kuanzia.

Shawa ya umeme

Shawa za umeme, hasa zile za Kibrazili za Lorenzetti ambazo zimekuwa maarufu katika Afrika Mashariki yote, zina milio yao. Mlio wa tak unaposikika maji yanapofunguliwa ni wa haki: utando wa ndani umesukumwa na maji na kuunganisha umeme. Mvumo mwepesi wakati wa kupasha moto kadhalika si kitu. Lakini ngurumo ya kuchemka ni onyo. Shawa ya wati 5,500 inayopitisha lita 3 kwa dakika huongeza joto la maji kwa kiasi cha nyuzi 26. Maji yakipungua nusu, joto huongezeka maradufu, na juu ya waya wa kupashia maji huchemka hasa. Kichwa kisafishwe, au koki ifunguliwe zaidi, au joto lipunguzwe kwenye swichi. Na mlio wa kuchachatika, wenye harufu ya kuungua au mshtuko hata mdogo mwilini, hauhitaji uchunguzi wa mwenye nyumba: zima swichi kuu, usiiguse shawa, na umwite fundi umeme, akague pia waya wa ardhini, ambao katika nyumba nyingi za kupangisha hutajwa zaidi kuliko unavyoonekana. Baada ya maji kukatika, shawa hii isiwashwe mpaka hewa yote iwe imetoka.

Kwenda sokoni

Mtu aliyekwisha kujibu maswali haya huenda Owino akiwa mnunuzi wa namna nyingine. Huchukua mkononi kipande cha zamani kama sampuli, kwa kuwa koki zinazofanana kwa uso hutofautiana kwa ndani, ijapokuwa mabomba ya bafuni aghalabu ni ya nusu inchi kwa kipimo kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza. Huipima koki kwa uzito wa kiganja: ya shaba ya manjano huwa nzito, ya mchanganyiko wa zinki huwa nyepesi na meno ya skrubu yake huliwa upesi, na rangi ya fedha iliyopakwa juu huifunika tofauti hiyo isionekane kwa macho. Huizungusha mara kadhaa hapo hapo dukani akisikiliza kama inateleza au inakwaruza. Hununua na utepe mweupe wa kufungia meno ya skrubu, nao huuzungusha kufuata upande wa kukazia, wala hauachi ukaning'inia ndani ya bomba, kwani kipande cha utepe kilichokatika huenda kikakwama katika kichwa cha shawa na kuanza mluzi mwingine.

Iwapo kazi imemshinda, na amkabidhi fundi bomba, akimweleza si "bafu langu lina kelele" bali wakati wa mlio, sauti yake, na majaribio yaliyokwisha fanywa. Fundi mwema hufurahi kwa maelezo hayo, na asiyekuwa mwema hugundua kwamba hapa hapauziki koki isiyohitajika. Mpangaji, kwa upande wake, na amjulishe mwenye nyumba mapema, hasa penye kishindo, maana kiungo kikipasuka ndani ya ukuta hasara huwa ya wote wawili na ugomvi wa nani alipe huwa mrefu kuliko matengenezo.

Limebaki jambo la malipo. Kazi ya bomba huisha mchana, wakati mji mzima unateka maji na msukumo umeshuka, na saa hiyo karibu kila tengenezo huonekana limefaulu. Basi patana na fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya ujira itabaki mpaka kesho yake; uamke saa kumi za usiku, ufungue shawa, uiache itiririke, uifunge kwa nguvu ya kawaida, usikilize. Kama kumenyamaza, mlipe kilichosalia asubuhi kwa shukrani, na umwandike katika orodha ya watu wa kuitwa tena.